Miwani mizito ya mtoto, jicho la baba na kopo la unga wa kolajeni

*«Shikamoo daktari. Niko Morogoro. Mwanangu wa kwanza ana miaka 6. Alizaliwa na kidevu kidogo na mpasuko wa kaakaa, akashonwa alipotimiza mwaka. Alipoanza chekechea mwalimu akaniambia anasogeza daftari mpaka linagusa pua. Tulipompima tukapewa miwani ya namba -11. Baba yake ana miaka 38. Jicho lake la kushoto halioni tangu ana miaka 29: alipigwa na mpira, akakaa wiki tatu akidhani litapona lenyewe. Magoti yanamuuma kama mzee. Mama mkwe wangu ni kipofu tangu hajafika miaka 50. Ndugu wa mume wanasema haya ya mtoto nimeyaleta mimi kwa nilivyokula nikiwa mjamzito. Jirani ameniuzia kopo la unga wa kolajeni kwa shilingi 90,000, anasema macho ya mwanangu yamekosa kolajeni, akinywa miezi sita ataacha miwani. Nina mwingine wa miezi 8. Naomba unieleze: huu unga nimpe? Miwani mizito haimharibu zaidi? Na huyu mdogo naye atakuwa hivyohivyo?»*

Marahaba, mama, na pole kwa mzigo huu. Umeeleza kwa utaratibu ambao daktari yeyote angeushukuru. Mpasuko wa kaakaa, macho yasiyoona mbali tangu utotoni, jicho la baba lililozimika, magoti yanayouma kabla ya wakati, bibi asiyeona: kwa kawaida kila kimoja hupelekwa kwa daktari wake, na kila daktari hutibu kipande chake. Wewe umeviweka vyote pamoja, na vikikaa pamoja hivyo vinaelekea upande mmoja.

Kabla ya mengine, niseme la haraka. Umeniuliza habari za mtoto, lakini mtu ninayetaka aonwe kwanza na daktari wa macho ni baba yake. Jicho la kulia ndilo pekee alilobakiwa nalo, na nina hofu ya kweli kwamba lina udhaifu uleule uliolizima la kushoto. Asisubiri dalili. Apimwe wiki hii, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa ya matone, ili daktari aone mpaka pembezoni kabisa mwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Sababu utaipata huko mbele.

Sasa nirudi kwa jirani yako. Aliposema macho ya mwanao yana tatizo la kolajeni, huenda amegusa kweli bila kujua. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba kilichopungua wakati jicho likijengwa kinaweza kunywewa leo. Nikueleze taratibu, maana ukielewa hili, maswali yako yote matatu yatajibika.

Kolajeni ni protini, tena ndiyo iliyo nyingi kuliko protini zote mwilini. Ngozi, mifupa, kano, gegedu na kuta za mishipa ya damu zimeshikiliwa nayo. Aina zinazojulikana ni 28, na kila aina ina mahali pake. Umbo lake ni la kamba: nyuzi tatu ndefu zinazozungukana kwa kukazana. Mtazame msusi anavyokaza mistari mitatu ya nywele, nywele zikitoka laini kwa sababu hakuna kitu kilichonasa katikati. Kolajeni nayo ni hivyo. Kwenye kila uzi, kiungo cha tatu lazima kiwe asidi amino (kipande kidogo cha kujengea protini) iitwayo glisini, kwa kuwa ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo pekee inayoenea pale katikati ya msuko. Ikikaa nyingine kubwa mahali hapo, kamba inapinda au haisokoteki kabisa. Kwa hiyo badiliko la herufi moja tu katika jeni, yaani maelekezo ya kurithi ambayo mwili huyafuata, linaweza kuharibu kamba nzima.

Chakula kinaingia wapi hapa? Kinaingia sehemu moja ya kweli: vitamini C. Bila hiyo mwili haukazi kamba za kolajeni, na ndiyo maana mabaharia wa zamani waliokaa baharini miezi mingi bila matunda walipata kiseyeye, fizi zikavuja damu na vidonda vya zamani vikafunguka. Lakini mtoto anayekula mapera, machungwa na mchicha kama wenzake hana upungufu huo, na kumwongezea hakumpi kamba bora zaidi ya zile ambazo jeni zake zinajua kutengeneza.

Jicho karibu lote ni kazi ya kolajeni. Chukua kioo ujitazame. Ule weupe wa jicho na ile sehemu angavu ya mbele, konea, vimejengwa hasa kwa kolajeni ya aina ileile, aina ya 1. Kimoja ni cheupe kama ganda la yai. Kingine hukioni kabisa, unaona tu rangi ya jicho iliyo nyuma yake. Kinachovitofautisha ni mpangilio. Kwenye konea nyuzi zina unene unaolingana, takriban nanomita 30, zimeachana kwa nafasi sawa na kulazwa tabaka juu ya tabaka, zaidi ya tabaka 200 ndani ya unene wa nusu milimita. Mwanga unapita kana kwamba hakuna kitu. Kwenye weupe, nyuzi nene na nyembamba zimechanganyika na kupishana kila upande, mwanga unatawanyika, nasi tunaona nyeupe. Nimetazama macho ya watu miaka mingi na jambo hili halijaacha kunistaajabisha.

Mpangilio huo huanza kabla hatujazaliwa. Wanasayansi waliofuatilia konea ya kifaranga ndani ya yai waliona kwamba seli za juu hutandika kwanza mkeka mwembamba wa kolajeni. Mkeka unavimba kwa maji, kisha seli nyingine, zilizosafiri kutoka ukingoni mwa mfumo wa fahamu unaoanza kuumbika, zinaingia kwenye mkeka huo na kujenga konea yenyewe. Maana yake kolajeni ni kiunzi na tena ni njia ambayo seli hufuata. Ikiwa na kasoro mapema, jicho linaweza kuumbika vibaya kabla mama hajajua vizuri kwamba ana mimba.

Sehemu inayokuhusu wewe ipo nyuma zaidi. Nyuma ya lenzi kuna ute unaojaza jicho, kama mililita 4 kwa mtu mzima, pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Asilimia 98 au zaidi ya ute huo ni maji. Kinachoufanya uwe ute na siyo maji matupu ni nyuzi chache mno za kolajeni, hasa aina ya 2, zikisaidiwa na aina ya 5, 9 na 11. Nyuzi hizi hutengenezwa kwa wingi mtoto akiwa tumboni. Baadaye jicho haliutengenezi upya ute wake kwa kiasi cha maana. Tunazeeka na uleule tuliozaliwa nao.

Mwaka 1965 daktari wa watoto aliyeitwa Gunnar Stickler, wa Mayo Clinic huko Minnesota, Marekani, aliandika na wenzake kuhusu familia moja iliyokuwa na macho yasiyoona mbali, retina zinazobanduka na viungo vinavyochakaa mapema, kizazi baada ya kizazi. Ugonjwa huo ukachukua jina lake. Miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba kwa familia nyingi chanzo kipo kwenye jeni iitwayo COL2A1, yenye maelekezo ya kutengeneza kolajeni ya aina ya 2. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtoto mmoja kwa kila watoto 7,500 hadi 9,000 wanaozaliwa. Kwa hiyo ni ugonjwa wa nadra, lakini kila daktari wa macho anayeona watoto wengi atakuwa amekutana nao, awe aliutambua au hakuutambua.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Kwa wengi wenye ugonjwa wa Stickler wa aina hii, uitwao aina ya kwanza, nakala moja ina alama ya kusimamia mahali pasipostahili. Mwili unaisoma, unakatishwa njiani na kuitupa kazi hiyo. Unabaki na nakala moja nzima, na unajenga kwa nusu ya nyuzi zilizohitajika. Sasa angalia kolajeni ya aina ya 2 inatumika wapi: kwenye ute wa jicho, kwenye gegedu za viungo, kwenye gegedu inayotangulia taya la mtoto tumboni, na kwenye sikio la ndani. Ni orodha ya matatizo ya nyumbani kwako.

Kaakaa la mwanao nalo lina maelezo yake. Wiki za mwanzo za ujauzito, paa la kinywa huwa vipande viwili, kushoto na kulia, vinavyosogeleana mpaka vinaungana katikati. Ulimi lazima ushuke ili kuvipisha. Taya la chini likiwa dogo, ulimi haupati pa kushukia, unabaki juu, vipande vinashindwa kukutana. Kidevu kidogo na mpasuko wa kaakaa ni tukio moja, na lilikamilika kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu wa mimba. Hakuna chakula ulichokula kilicholeta hilo. Waambie hivyo ndugu wa mume, na ikibidi waonyeshe maandishi haya. Kwa historia uliyonipa, nakala yenye kasoro inaonekana kupita kwa bibi, kwa baba, hadi kwa mtoto. Sisemi hivyo ili lawama ihamie kwao. Hakuna anayechagua jeni ya kumpa mwanawe, na mama mkwe wako huenda ndiye aliyeteseka kuliko wote bila kuelezwa kwa nini.

Naomba nikuonyeshe tunachokiona tukimpima mtoto wa namna hii. Anakaa mbele ya mashine, kidevu kimepakatwa kwenye kibao, mimi narusha mstari mwembamba wa mwanga upite kwenye mboni. Kwenye jicho la kawaida, nyuma ya lenzi mwanga unakutana na ute uliojaa, wenye mikunjo laini kama moshi uliotulia. Kwenye jicho la Stickler la aina ya kwanza, nyuma tu ya lenzi kuna kitu kama utandu juu ya maziwa yaliyopoa, umekunjana, na nyuma ya utandu huo ni giza tupu. Namwambia mtoto, «tazama juu, haya, nitazame mimi,» na ule utandu unapepea. Ndio ute wote uliojengwa. Kwa wale ambao kasoro yao iko kwenye jeni nyingine, COL11A1, ute hujaa lakini nyuzi zake ni nene na zina mafundomafundo kama shanga zisizolingana. Daktari mwenye jicho zoefu anaweza kwa uchunguzi huu tu kukisia ni jeni ipi, kabla hata ya damu kuchukuliwa.

Na hapa ndipo hatari ilipo. Retina ni ngozi nyembamba inayopokea picha, imetandikwa kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Nyumba nyingi tulizokulia zilikuwa na magazeti yaliyobandikwa ukutani kwa uji wa ngano. Gazeti likikaa zima, linadumu miaka. Likichanika pembeni na maji ya mvua yakaingia nyuma yake, linaanza kubanduka kutoka pale na kushuka ukuta mzima. Kwenye jicho la Stickler ute mchache hauijazi nafasi yake sawasawa, unavuta retina pembezoni, na jicho lenyewe ni refu kupita kiasi kwa hiyo retina imetanuliwa. Ikichanika, mara nyingi huchanika mchaniko mkubwa, na maji yanapita nyuma. Isiporudishwa, seli zake zinakosa lishe na kufa.

Nadhani hilo ndilo lililompata mumeo. Mpira ulimpiga, ni kweli, lakini wanaume wengi hupigwa na mpira usoni na wakaendelea kucheza. Mpira uligonga jicho lililokuwa limeshalegea. Zile wiki tatu za kusubiri zilimaliza yaliyobaki, nami simlaumu, kwa kuwa retina ikibanduka haiumi. Watu wengi hungojea maumivu ambayo hayaji. Kwenye ugonjwa huu wa aina ya kwanza, asiyetibiwa mapema ana uwezekano wa zaidi ya nusu kupata kubanduka kwa retina wakati fulani maishani, na aliyebanduka jicho moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi kwa lile la pili. Ndiyo sababu nimemtanguliza yeye.

Kuhusu bibi, tafadhali msimwache nyumbani. Wenye ugonjwa huu hupata pia mtoto wa jicho na presha ya macho. Mmulikeni tochi kila upande gizani, jicho moja moja, na mumuulize mwanga unatokea wapi. Akiweza kuonyesha, kuna uwezekano kwamba kilichoziba ni mtoto wa jicho, na huyo huondolewa hata baada ya miaka mingi. Siahidi. Ila kumpima ni jambo dogo, na akirudishiwa hata kuona njia ya kwenda uani, maisha yake yatabadilika.

Sasa unga. Mwanao akiunywa, tumbo litaukatakata kuwa asidi amino na vipande vidogo vidogo, kama linavyofanya kwa nyama, dagaa na maharage. Vipande hivyo vinaingia kwenye ghala moja la mwili, na mwili unavitumia kulingana na maelekezo ya jeni. Mwanao hana uhaba wa malighafi. Nakala moja ya maelekezo ndiyo haisomeki. Zaidi ya hapo, unga mwingi wa aina hiyo hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au samaki, ambayo ni kolajeni ya aina ya 1, wakati ute wa jicho unajengwa kwa aina ya 2. Na hata ungekuwa aina ya 2, kiwanda cha ute kilifunga kazi yake kubwa kabla hujamzaa. Hautamdhuru sana akilamba kidogo, lakini hautaondoa hata robo ya namba ya miwani. Ninachoogopa ni miezi sita ya kusubiri. Ndani ya miezi hiyo retina inaweza kubanduka nyumba ikiwa na matumaini. Kopo ambalo halijafunguliwa mrudishie jirani, na hizo 90,000 zigeuke nauli.

Miwani mizito haiharibu jicho. Inakaa mbele ya jicho, inapinda mwanga uangukie mahali sahihi, basi. Jicho la mwanao ni refu: kila milimita ya urefu wa ziada huleta takriban namba 2.5 hadi 3 ya miwani, na urefu huo alizaliwa nao. Hakuupata kwa kusoma karibu. Alisogeza daftari puani kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa wazi kwake. Asipovaa miwani ndipo atakapoharibikiwa, kwani ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka hii ya mwanzo, na ukipewa picha yenye ukungu kila siku, hujifunza ukungu. Baada ya miaka 7 au 8 kumrekebisha kunazidi kuwa kugumu. Avae tangu anapoamka hadi anapolala, pamoja na darasani na kwenye michezo. Mwombe fundi amtengenezee lenzi nyembamba za plastiki na fremu ndogo yenye kamba nyuma ya kichwa. Watoto huacha miwani mizito kwa sababu inateleza na inaumiza pua.

Mdogo wake: ikiwa baba ana nakala moja yenye kasoro, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu. Kwamba kaka yake ameipata hakumkingi wala hakumwongezei yeye hatari. Kuwa na kaakaa zima si ushahidi wa usalama, na hili nataka ulielewe vizuri. Jeni hii ina sehemu 54, na sehemu yake ya pili inatumika sana kwenye jicho lakini inaachwa nje mwili unapotengeneza gegedu ya mtu mkubwa. Kasoro ikikaa kwenye sehemu hiyo, mtu anaweza kuwa na kidevu kizuri, magoti imara na masikio mazima, huku retina yake ikiwa hatarini kama ya wengine wote wenye Stickler. Na hata ndugu wenye kasoro ileile hutofautiana. Kwa hiyo wa miezi 8 apimwe. Umri huo unatosha: matone ya kupanua mboni, taa, lenzi za mkononi, dakika chache za kulia, na namba ya macho inajulikana.

Lazima niwe mkweli kwamba sijamwona mtu yeyote kati yenu, na yapo magonjwa mengine ya kolajeni yanayofanana. Ugonjwa wa Knobloch, wa kolajeni ya aina ya 18, nao huleta macho ya namba kubwa na retina zinazobanduka, na mara nyingi mtoto huzaliwa na kasoro kisogoni. Ugonjwa wa Alport, wa aina ya 4, hugusa lenzi na usikivu lakini dalili yake kubwa ni damu kwenye mkojo na figo zinazochoka. Mtoto mwenye weupe wa jicho ulio na rangi ya samawati na mifupa inayovunjika ovyo huwa na kasoro ya kolajeni ya aina ya 1. Maelezo yako hayaelekei huko, lakini daktari atawauliza, nanyi msishangae akitaka kupima mkojo.

Kipimo cha jeni hutumia damu kidogo, na kwetu sampuli mara nyingi hulazimika kupelekwa nje ya nchi, kwa gharama isiyo ndogo. Faida yake ni kumjua nani katika ukoo anahitaji kufuatiliwa na nani anaweza kuacha wasiwasi. Kama fedha ni za kuchagua, mimi ningetanguliza uchunguzi wa macho wa familia nzima, kisha kipimo cha jeni baadaye. Hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya retina kwa kusubiri majibu ya jeni.

Je, retina inaweza kuzuiwa isibanduke? Kuna njia. Daktari wa retina huzunguka pembezoni mwa retina kwa baridi kali ya kugandisha, au kwa leza, akiacha mstari wa makovu unaoishika retina ukutani. Mtoto hufanyiwa akiwa amelazwa usingizi. Madaktari wa Cambridge, Uingereza, waliotumia baridi kali kwa utaratibu maalumu, walichapisha mwaka 2014 kwamba kati ya waliotibiwa macho yote mawili mapema, waliopata kubanduka hawakufika mmoja kati ya 10, wakati kati ya wasiotibiwa walikuwa zaidi ya nusu. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura, walitazamwa kwa kurudi nyuma kwenye mafaili, kwa hiyo madaktari bado hawajakubaliana: wapo wanaotibu kila mtoto mwenye Stickler wa aina ya kwanza, wapo wanaopendelea leza, na wapo wanaomfuatilia mtoto kila baada ya miezi michache na kutibu michaniko inapoonekana. Mimi naelekea upande wa kutibu mapema, hasa kwa familia inayoishi mbali na daktari wa retina, ambayo ikipata tatizo Ijumaa jioni haitafika hospitali kabla ya Jumanne. Mzungumzie hilo na daktari atakayewaona, mpime pamoja. Na mtoto akipewa tarehe ya kulazwa usingizi, mwambieni daktari wa usingizi mapema kwamba ana kidevu kidogo na aliwahi kushonwa kaakaa, kwa sababu njia yake ya hewa inahitaji maandalizi.

Dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo ni hizi: vimulimuli vya ghafla pembeni mwa jicho, nzi weusi wengi wanaoelea ambao jana hawakuwepo, au kivuli kama pazia linaloshuka au kupanda. Mtu mzima atasema. Mtoto wa miaka 6 hatasema, maana jicho la pili linamfichia. Fanyeni mchezo nyumbani kila Jumapili: afunike jicho moja akiwa amevaa miwani, asome tarakimu za kalenda ukutani, kisha afunike la pili. Baba afanye hivyo kila asubuhi kwa jicho lake moja, akitazama pia pembe nne za mlango bila kuhamisha jicho. Mtoto acheze, akimbie, aogelee. Ndondi, karate na kupiga mpira kwa kichwa aache. Baba avae miwani ngumu ya kinga anapofanya kazi yoyote inayorusha vipande, na asirudi uwanjani.

Masikio ya mtoto yapimwe pia, mwaka huu. Waliozaliwa na mpasuko wa kaakaa hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio, na Stickler huongeza upungufu wa kusikia sauti nyembamba. Mtoto asiyeona ubao vizuri na asiyesikia vizuri huitwa mzito wa akili shuleni, hali akili yake ni nzima kabisa.

Kwa mlipo, Dar es Salaam ndiyo karibu: Muhimbili na CCBRT wana huduma za macho, na kwa walio kaskazini kuna KCMC Moshi. Pigeni simu kwanza, mwulize daktari wa retina yupo siku gani. Nendeni wote watano siku moja mkiweza, mkiwa na mwenye kuwasindikiza, kwa kuwa dawa ya kupanua mboni huwaacha na ukungu saa kadhaa. Bebeni miwani ya zamani, karatasi za upasuaji wa kaakaa, na cheti chochote cha jicho la baba. Ukifika mapokezi usiseme «tumekuja kupima macho,» watawapanga foleni ya miwani. Sema hivi: «Mume wangu ana jicho moja, lingine lilibanduka retina, na kuna ugonjwa wa kurithi kwenye ukoo. Tunaomba daktari wa retina.»